Daftari la Bi Nuru

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, nzuri, yenye maandishi ya dhahabu. Nawashukuru, ingawa sijajua bado mtu aliyetoka kazini apewa saa akaitazamie nini. Nimeitundika jikoni. Mlinitaka pia niandike machache ya miaka yangu ya karakana, yawafae nyinyi mliobaki. Vyeo sina vya kusimulia, na mshahara ulikuwa wa unga na nauli, Mungu ashukuriwe. Nitaandika habari za mashine zilizokataa kuamka, kwa sababu ndizo zilizonifunza kazi. Mojawapo ilinifunza zaidi ya kazi, na hiyo nitaisimulia kwa kirefu, maana nyinyi mliiona mezani pangu siku mbili mkanyamaza, na sikuwahi kuwaambia ilikuwa nini.

Niliingia karakana ya Changamwe, kwenye ile njia ya kwenda Chaani, nikiwa na mtoto mmoja wa kike, Rehema, na babake alikuwa hai bado. Mwenye karakana, Mzee Mutiso, alikuwa Mkamba aliyeshuka pwani ujanani kutengeneza redio, kisha redio zilipopungua akahamia kwenye kompyuta bila kubadilisha meza. Alilitazama buibui langu, akazitazama mashine zilizopangwa hadi dari, akaniuliza kama naogopa vumbi. Nilimwambia mimi ni mzaliwa wa Likoni.

"Hiyo si jibu," alisema. "Lakini kaa."

Nikakaa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa brashi ya rangi, ile ya kupakia milango. Nilifungua mashine na kusugua. Nilitoa vumbi, chumvi iliyoganda, viota vya sisimizi, na mara moja mayai mawili ya mjusi yaliyokuwa yamepata joto zuri kuliko yangepata kwa mama yao. Chombo changu cha pili kilikuwa kifutio cha mwanafunzi. Vijiti vya kumbukumbu vya mashine zetu hushika kutu ya hewa ya bahari kwenye yale meno yake ya shaba, na ukiyasugua kwa kifutio mpaka yang'ae, mashine iliyokuwa maiti asubuhi huinuka kabla ya adhuhuri. Mteja humsifu fundi kwa elimu yake. Mimi nilikuwa nikikificha kifutio mfukoni.

Vitabu vya shule huiita laptop kipakatalishi. Katika miaka yangu yote hakuna mteja aliyeniletea kipakatalishi. Walileta laptop, wameifunga kwa leso au kuitia mfuko wa unga, na wote walisema neno lile lile: haiwaki. Mzee Mutiso alinizuia kulipokea neno hilo. "Haiwaki ama haiamki?" alikuwa akiwauliza. Kuwaka ni umeme: taa inaonekana, feni inavuma. Kuamka ni kingine, ni mashine kujua yenyewe ni nani na iko wapi. Mengi yanayowaka hayajaamka, na Mzee aliposema hivyo alikuwa akitazama barabarani kwa watu wanaopita.

Linux ilitufikia kwenye sidii aliyoileta mwanafunzi mmoja wa chuo. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao walioutengeneza wameuacha wazi, yeyote autazame ndani, autengeneze, ampe mwenzake bila kununua. Mzee aliutazama siku tatu, kisha akasema, "Hawa watu wameacha boneti wazi." Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Basi tukawa tunawawekea walimu, makarani na wanawake wenye biashara ndogondogo, watu ambao laptop zao zilikuwa zimechoka zisiweze kubeba mifumo mipya. Mashine iliyotupwa ilipata miaka mingine mitano. Na kwa kuwa tuliwawekea sisi, ilipokataa kuamka waliturudia sisi.

Ilipokataa, mara nyingi iliandika maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Wateja huyaogopa sana maandishi hayo. Mimi niliyapenda tangu mwanzo, kwa sababu mashine inayoandika bado inasema, na anayesema anaweza kuulizwa. Yule wa kwanza kuamka ndani ni programu ndogo, sisi tulimwita bawabu, kazi yake kuujua mlango wa mfumo na kuufungua. Bawabu akisema haoni mlango, uliza kwanza kama ametazamishwa pengine. Pasta mmoja wa Chaani alitujia Jumamosi akiwa karibu kulia, mahubiri yake yote yamo ndani na mashine inaandika haina mfumo. Mzee aliizungusha laptop, akachomoa ubavuni flash ya nyimbo za kwaya, akamkabidhi pasta kwa mikono miwili. Mashine ilikuwa ikitafuta mfumo kwenye flash. Iliamka papo hapo, na Mzee hakucheka mpaka pasta alipovuka barabara.

Lakini sikukusudia kuwachekesha. Lazima niwaambie kuhusu Mwalimu Gona.

Alikuwa Mgiriama, mwalimu wa muziki Kisauni, mtu mpole aliyevua kofia hata kwa kuingia karakanani. Laptop yake ilikuwa imesimama kwa bawabu, kiashiria kinapepesa tu. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za mazishi alizowarekodi bibi zake na wenzao vijijini, kwa miaka, likizo baada ya likizo. Aliniambia wengi wa walioimba wamekwisha kufa, na vijana wa kwao hawazijui. Aliniachia, akaenda zake kufundisha.

Nilichomeka diski ya karakana pembeni ili niusimike mfumo mpya humo, niamshe mashine kwa hiyo, kisha nitoe nyimbo zake. Linux huzitaja diski kwa herufi, hii a, hii b, na herufi hizo hupangwa kwa iliyoamka kwanza. Jana yake diski ya karakana ilikuwa b. Sikutazama tena. Nilichagua b, nikajibu ndiyo kwenye swali la kufuta kila kitu, nikaenda kusali. Niliporudi mashine ilikuwa imeamka, safi, ina picha ya milima, na nilifurahi mpaka nilipoona imeamkia wapi. Ilikuwa ndani ya diski ya mwalimu, juu ya nyimbo zake.

Alipokuja jioni nilimwambia, "Diski imekufa, mwalimu." Nililisema bila kumeza mate.

Alisimama kidogo na mkono kichwani. "Basi," alisema. "Hata wenyewe walishakufa." Akanishukuru kwa kujaribu. Wiki iliyofuata aliniletea mihogo ya shamba lake, kwa kuwa nilikuwa nimejisumbua. Niliipika kwa nazi, Rehema na babake wakaisifu. Mimi sikuila.

Jioni ile ile ya uongo wangu Mzee Mutiso aliichomeka ile diski kwenye mashine yake, akaitazama, akaichomoa, akaiweka mbele yangu.

"Nimeona hiyo maiti yako," alisema. "Iko na nguo mpya."

Nikaigeuza ile diski chini juu.

"Mtu akikufa, inasemwa amekufa. Mtu akiuawa, inasemwa ameuawa. Wewe usichanganye hizo mbili, Mama Rehema. Utaenda kumwambia?"

Nikasema nitakwenda kesho. Kesho zilikuwa nyingi. Nilipofika Kisauni hatimaye, niliambiwa shuleni kwamba mwalimu amehamishwa. Ningeweza kuuliza amehamishiwa wapi, na sikuuliza. Hilo ndilo deni langu la kazi hii, na nimeliandika hapa ili angalau watu wengine walijue.

Tangu siku hiyo sikubonyeza ndiyo bila kutaja kwa sauti herufi ya diski na ukubwa wake, mara mbili, kidole kikiwa kwenye kioo. Nyinyi mlinicheka, mkasema Mama Rehema anaisomea diski dua. Na jambo la pili nililishika: kwanza nakala, kisha matibabu. Diski inayougua haitengenezwi yenyewe. Unatoa kila kinachotoka, unakiweka kwenye diski nzima, na unayoitengeneza ni nakala. Mzee alipochoka na kurudi kwao Ukambani aliniachia bisibisi zake na neno moja: fundi hasemi imekufa mpaka aione maiti. Alifariki mwaka wa pili. Nilikwenda kumzika, na barabara nzima nilikuwa nikimfikiria Mwalimu Gona.

Sasa nifike nilikoahidi.

Likoni kulikuwa na mkunga, Bi Nuru, aliyeendesha nyumba ndogo ya uzazi. Nusu ya rika la Rehema walizaliwa mle. Rehema mwenyewe alizaliwa mle, na mimi sikumbuki, kwa kuwa nilishikwa na kifafa cha uzazi nikavushwa ferini nikiwa sijitambui kwenda hospitali kubwa kisiwani. Mtoto alibaki kwa Bi Nuru siku sita. Nilipotoka hospitali nilikwenda kumchukua. Bi Nuru alikuwa chumbani na mzazi mwingine, akanena mlangoni, "Usende kabla hujaniona, nna neno na wewe." Lakini babake Rehema alikuwa na gari la kuazima na foleni ya feri ilikuwa ndefu. Nikasema nitarudi. Niliamini mtoto alipewa maziwa ya kopo, na sikurudi.

Bi Nuru alipofariki, bintiye Swafiya alikuja karakanani kutaka laptop ya bei ya chini. Nilimtengenezea moja kuukuu, nikaiwekea Linux. Aliniambia anataka kuliandika humo daftari la mamake kabla halijaliwa lote na mchwa. Bi Nuru alikuwa akiandika kila mtoto aliyenyonyeshwa na mama asiye wake. Nyinyi mnaotoka bara, hili huenda hamlijui: kwetu Waislamu, mtoto akinyonyeshwa na mwanamke mara tano za kushiba kabla hajatimiza miaka miwili, mwanamke yule huwa mamake na watoto wake huwa nduguze. Hawaoani kamwe. Mkunga mwenye kumcha Mungu huandika. Nilimwambia Swafiya aweke nakala kwenye flash akimaliza. Akasema inshallah. Wateja wote husema inshallah.

Miaka mitatu kabla ya kustaafu kwangu Rehema alichumbiwa. Kijana aliitwa Nassir, karani wa kampuni ya makontena, mtulivu, ambaye alinisalimu kwa kuinama mpaka nikamwonea huruma mgongo wake. Walipendana. Naandika neno hilo wazi kwa kuwa nililiona. Nikahi ilipangwa Ijumaa. Jumamosi ya kabla yake mamake Nassir, Bi Saumu wa Timbwani, alikuja nyumbani peke yake, akakataa chai.

"Mwenzangu, nna jambo limenikaa kooni," alisema. "Jana nimeskia Rehema alizaliwa kwa Bi Nuru. Na Nassir pia. Siku zile Bi Nuru alinipa mtoto wa mwenye kuugua, nimnyonyeshe pamoja na wangu. Sikuuliza wa nani. Mtoto yuwalia na mimi nna maziwa, hapo waulizaje?"

Nilimwuliza kama mgonjwa alikuwa mmoja tu.

"Walikuwa wawili. Wallahi sijui alikuwa wa nani kati yao."

Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, sisi wawili na mjomba wake Rehema. Sheikh alitusikiliza hadi mwisho. "Shaka peke yake haiharamishi ndoa," alisema. "Lakini mwasema kuna daftari. Litafuteni kwanza. Likipatikana, tutafuata lisemalo. Likiwa limepotea kweli, ndoa itapita, na Mungu ndiye mjuzi."

Daftari lenyewe lilikuwa vumbi, mchwa walikuwa wamelimaliza. Lililobaki ni lile aliloandika Swafiya ndani ya laptop. Jumatatu asubuhi Swafiya aliniletea, ameifunga kwa leso.

"Shikamoo, Mama Rehema."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeme ulikatika ikijisasisha, na betri yake haina kitu. Sasa naiwasha, yaandika maandishi meupe kisha yanyamaza."

"Na nakala?"

Alitazama chini. Sikumlaumu, mimi nani.

Niliiwasha. Bawabu alikuwa mzima, aliuona mlango, lakini mfumo uliingia ukumbini ukashindwa kufungua chumba cha ndani. Na diski ilikuwa ikigonga. Niliweka sikio: tiki, tiki, kimya, tiki. Mnaujua mlio huo. Diski ile ilikuwa na saa chache za uhai.

Hapa ndipo nataka mnisome polepole. Mashine ilikuwa imeniwekea amri yenyewe kwenye kioo: kagua diski hii kwa mkono. Fundi yeyote wa mwaka wa kwanza angeitii. Ukaguzi huo huuliza maswali, nirekebishe hapa, nirekebishe pale, na ukijibu ndiyo kwa yote kwenye diski inayogonga, unaimaliza. Singehitaji hata kusema uongo. Ningejibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikaenda kwa sheikh na kusema kweli tupu kwamba nilijaribu ikafia mikononi mwangu. Mwanangu angeolewa Ijumaa. Hakuna mtu Changamwe nzima ambaye angeweza kunipinga, maana wote wenye kuijua kazi hii nimewafundisha mimi mwenyewe. Nilikaa mbele ya kioo kile mpaka chai yangu ikashika utando.

Rehema aliingia mchana, akitoka shule ya chekechea anakofundisha. Hakuketi. Aliitazama laptop akatazama uso wangu.

"Mama, itafunguka?"

"Sijui bado."

"Na ukisema imekufa?"

"Nikisema imekufa, itakuwa imekufa."

"Basi," alisema, na sauti yake ikawa ya mtoto wa miaka saba, "nani atajua?"

Nilimvutia kiti. Nikamwambia habari za Mwalimu Gona, kutoka mwanzo, ile mihogo aliyoisifu akiwa mdogo ilitoka wapi na kwa nini sikuila. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Mzee Mutiso, ambaye hakuhitaji kuambiwa. Rehema alisikiliza akilia bila sauti. Nami nikamwambia nililokuwa nikiliogopa zaidi: kwamba nikiiua diski hii, kila mjukuu nitakayempakata nitamtazama na sitajua. Yeye Rehema angekuwa na shaka tu. Mimi ningejua kwamba shaka ile niliitengeneza mimi.

Alifuta uso kwa ncha ya buibui. "Unanitendea hivi kwa ajili ya mwalimu usiyemjua alipo," alisema.

Huenda alisema kweli, nusu yake.

Alipoondoka nilitoa diski ile, nikaichomeka kwenye mashine ya karakana pamoja na diski nyingine nzima, nikaiamsha kwa Linux ya kwenye flash ili isiguse chochote. Nilitaja kwa sauti. Hii a, ndogo, ya Bi Nuru. Hii b, kubwa, yetu. Nikataja tena. Nikataja mara ya tatu, kidole kwenye kioo, na mmoja wenu akaja kusimama nyuma yangu akidhani naumwa. Kisha nikaanza kuvuta nakala, ile ya taratibu, inayochukua kwanza panapotoka kwa urahisi na kurudia panapokataa.

Ilivuta Jumatatu ikalala. Jumanne asubuhi ilianza kukwama. Niliisimamisha diski kwa ubavu kama Mzee alivyonifundisha, nikaweka feni ndogo mbele yake, ikaendelea. Mlipita mkiitazama mkanyamaza, mkijua tu kwamba Mama Rehema haongei. Kila ilipokwama moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha nikaona haya, kisha ikaendelea. Naona ni vyema mjue kwamba mtu anaweza kufanya kazi sawasawa na mikono yake huku moyo wake ukiomba ishindikane. Baada ya alasiri ilinyamaza, sio kwa kufa, kwa kumaliza. Palibaki vipande vichache visivyotoka. Niliikagua nakala, nikajibu ndiyo mara kumi na kitu, na folda zikaonekana.

Moja iliandikwa Mama. Sikuifungua. Fundi hasomi ya mwenye mashine, hilo nalo ni la Mzee, na siku ile lilinihifadhi. Nilimpigia Swafiya aje na Bi Saumu.

Walikuja kabla ya magharibi. Nilimgeuzia Swafiya kioo, nikasimama upande wa pili wa meza, ambapo sikuona ila uso wake. Alitafuta mwaka, akatafuta mwezi. Kidole chake kilishuka, kikasimama.

"Mama Rehema," alisema.

"Soma."

"Mtoto wa kike wa Mwanaisha, mamake amevushwa kwa kifafa. Amenyonyeshwa na Saumu wa Timbwani, pamoja na mwanawe Nassir, siku sita, kila alipolia." Akashusha kidole mstari mmoja. "Kisha ameandika, mama mtu ameondoka kabla sijamwambia. Aambiwe."

Mwanaisha ni mimi. Neno lile la mwisho lilinisubiri miaka yote ile, na ningelipata siku ya kwanza lau ningengoja feri ya pili.

Bi Saumu alishika ukingo wa meza. "Alikuwa na alama nyuma ya shikio," alisema taratibu. "La kushoto. Yuwanyonya huku akilishika shikio lenyewe. Hata Nassir hakuninyonya vile." Akanitazama. "Anayo?"

"Anayo."

Tulilia sote watatu, na nyinyi mkatoka nje mkasingizia mnakwenda kununua mahamri. Nawashukuru kwa hilo pia.

Nikahi haikufungwa. Rehema hakunitukana. Alizikunja nguo zake za harusi, akaziweka juu ya kabati, na kwa miezi mingi alinipa shikamoo asubuhi na si zaidi. Nassir alihamia kituo kingine cha kazi, upande wa bara, akawa haonekani. Usiku niliwaza kama Mzee angeniambia nimefanya vyema, na sikuwa na hakika. Najua tu kwamba niliiona maiti kabla ya kuisema, na ya mwaka huo haikuwa diski, ilikuwa harusi.

Basi mkaniaga, mkanipa saa. Idi ilifika wiki mbili baadaye. Rehema alikuwa ameketi sebuleni, nywele wazi, mikono ina hina mbichi, mimi nikichambua tambi. Tukasikia hodi. Sauti ile tuliijua sote wawili.

Kwa mazoea mkono wa Rehema ulikimbilia leso ili ajifunike kichwa, hina na yote. Ukasimama njiani. Mtu hajifuniki mbele ya nduguye. Aliitazama ile leso iliyokwisha kuingia doa, akaniangalia mimi, kisha akairudisha kitini polepole na kukaa kichwa wazi, shikio lake la kushoto likionekana.

"Karibu, kaka," alisema.

Nassir aliingia, amepungua, ana mkebe wa haluwa. Alisimama akamtazama nywele mara moja, mara ya kwanza maishani mwake, kisha akatazama sakafu. "Shikamoo, mama," aliniambia. Nikaitika. Nikasema naenda kuwatilia chai, nikaingia jikoni, nikasimama nikiitazama saa yenu mpaka macho yakakauka, ndipo nikatoka na vikombe vitatu.